Kucheza baada ya flopu: mwongozo kamili wa kusoma meza ya poka Nairobi

Mtu aliyekulia Nairobi huanza kuwasoma wapinzani kabla hajasikia jina la Texas Hold'em. Tulicheza kadi shuleni, kibarazani, nyuma ya duka stima zikipotea. Mwenzako akiangusha A akaitisha maua, ulijua amebeba maua. Akiweka Q ya kopa kisha akashindwa kuijibu na kuokota, ulijua kopa hana. Na kabla hajatamka "niko kadi," yaani yuko karibu kumaliza, macho yake yalikuwa yameshatangaza.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akiketi kwenye meza ya poka anaacha kuangalia watu. Anakodolea kadi zake mbili, na flopu, yaani kadi tatu za kwanza za mezani, ikifunuliwa anauliza swali moja tu: imenipata au haijanipata? Nimekuwa mchezaji wa namna hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na pesa niliyopoteza ilipotea karibu yote baada ya flopu. Mwongozo huu ni wa anayejua tayari sheria, anayejua flashi (kadi tano za aina moja) inaishinda straiti (kadi tano zinazofuatana), na ambaye angependa sasa kuamua vizuri kadi tatu za kwanza zinapolala mezani.

Kabla ya kutoka nyumbani

Hili ni fupi lakini lisirukwe. Tenga pesa ya mchezo na uiache mbali na kodi ya nyumba, karo na mchango wa chama. Nenda nayo taslimu, na uamue ukiwa bado nyumbani kwamba ikiisha, M-Pesa haifunguliwi. Mtu anayecheza na pesa ya kodi hawezi kutupa kadi anapopaswa kuzitupa, na hakuna ujuzi wa baada ya flopu utakaomwokoa. Cheza mahali penye leseni, ukiwa umetimiza miaka 18. Na ukiona unakwenda ili kurudisha ulichopoteza jana, usiende.

Hatua ya kwanza: nusu saa ya kuangalia

Kwenye meza ya ana kwa ana hugawiwa migao 25 hadi 30 kwa saa, kila mgao ukiwa raundi moja ya kadi. Mchezaji makini huingia katika mmoja kati ya mitano hivi. Kwa hiyo kila saa kuna migao ishirini na zaidi ambayo umeshatupa kadi na huna la kufanya. Hapo ndipo watu hutoa simu, huagiza chai, hufuatilia mechi. Na hapo ndipo wewe unapaswa kufanya kazi, kwa sababu ukiwa nje ya mgao huna woga wala tamaa, na unaona vizuri zaidi.

Usijaribu kuwaangalia watu wanane kwa pamoja. Chagua wawili: aliye kushoto kwako, kwa sababu ataamua baada yako usiku kucha, na yule mwenye chipu nyingi, vile vibonge vinavyosimama badala ya pesa. Waangalie kwa mizunguko miwili ya meza, kisha chagua wawili wengine.

Unatafuta nini? Kwanza kabisa, kadi zinazofunuliwa mwisho wa mgao. Kila mara mtu anapoonyesha kadi zake, rudi nyuma kichwani: kabla ya flopu alipandisha (aliongeza dau) au alilipa tu (alilingana na dau lililopo)? Kwenye flopu aligonga meza (alipita bila kuweka kitu), aliweka dau, au alilipa? Dau lake lilikuwa dogo au kubwa ukilinganisha na poti, yaani pesa yote inayogombaniwa? Kwenye kadi ya nne je? Sasa kadi zimefunuliwa, una jibu la swali ambalo mezani kwa kawaida halijibiwi. Mtu aliyelipa mara mbili kimya kisha akaonyesha jozi ya katikati amekupa habari itakayokaa usiku mzima. Anayependa kulipa hawezi kutishwa, kwa hiyo ukiwa na kadi nzuri mtoze, na ukiwa huna kitu usipoteze blafu (dau la kutisha bila kadi) kwake.

Pili, angalia desturi ya kila mmoja akiwa ametulia. Anashikaje chipu? Anaongea sana? Anachukua muda gani kuamua jambo jepesi? Bila kujua kawaida yake huwezi kutambua alipobadilika. Kuna watu ambao mikono hutetemeka hata wakishika kikombe.

Hatua ya pili: soma flopu kabla ya kusoma kadi zako

Flopu ikifunuliwa, usiiangalie. Waangalie wanaoiangalia. Flopu haitakimbia, lakini nyuso hubadilika kwa sekunde moja tu. Aliyepatwa na flopu mara nyingi hushusha macho haraka kwenye chipu zake, kana kwamba anahesabu atakachoweka. Aliyekosa huendelea kukodolea meza akitafuta kisichokuwepo.

Kisha igeukie meza. Mimi hugawa flopu katika makundi mawili, kavu na mbichi. K, 7 na 2 za aina tatu tofauti ni flopu kavu: hakuna wa kungojea flashi wala straiti, na aliyeko mbele sasa huenda akabaki mbele. 9 na 8 za kopa pamoja na 6 ya shupaza ni mbichi: nusu ya meza inangoja kitu, na kadi ya nne inaweza kupindua kila kitu. Kwenye flopu kavu, dau la theluthi ya poti linatosha kufanya kazi. Kwenye flopu mbichi, ukiwa na jozi ya juu (jozi na kadi kubwa kuliko zote mezani) au zaidi, weka theluthi mbili au zaidi, kwa sababu wanaosubiri wako tayari kulipa na ni lazima walipe bei ghali.

Halafu jiulize maswali haya kwa mfululizo huu huu kila mara, mpaka yawe mazoea. Nani alipandisha kabla ya flopu? Aliyepandisha ana A, K na jozi kubwa nyingi kuliko waliolipa tu, kwa hiyo flopu ya A au K ni shamba lake. Flopu ya 7, 6 na 5 ni ya waliolipa. Tumebaki wangapi? Kadi mbili zisizo jozi hupata angalau jozi kwenye flopu mara moja kati ya tatu hivi. Ukibaki na mpinzani mmoja, mara nyingi amekosa. Wakibaki watatu, kwa makadirio mara saba kati ya kumi kuna aliyepata kitu. Meza za burudani Nairobi hujaa watu wanaolipa kabla ya flopu ili tu waone kadi, na kuwatupia blafu wanne kama hao ni kuchoma pesa. Swali la mwisho ni nafasi yangu: nitaamua kabla yao au baada yao? Anayeamua mwisho ameshaona wenzake wakifanya nini, na hiyo pekee ni sababu ya kucheza migao mingi zaidi ukiwa karibu na kitufe cha mgawaji, alama ya anayeamua mwisho, na michache ukiwa mbele.

Hatua ya tatu: hesabu ambayo huwezi kuikwepa

Haihitaji kipaji. Chukua unachotakiwa kulipa, ukigawe kwa poti yote itakavyokuwa baada ya wewe kulipa. Poti ina shilingi 3,000, mwenzako anaweka 1,500. Wewe utalipa 1,500 na poti itakuwa 6,000. Robo. Unahitaji kushinda asilimia 25 ya nyakati ili usipate hasara. Angeweka 1,000, ungehitaji asilimia 20. Angeweka 3,000 zote, asilimia 33.

Upande wa pili hesabu kadi za kukuokoa. Ukiwa na kopa nne, zimebaki kopa tisa. Straiti ya kusubiri pande zote mbili ina kadi nane, ya kusubiri katikati ina nne tu. Zidisha kwa mbili kupata makadirio ya asilimia kwa kadi moja ijayo. Kopa tisa ni kama 18, na hesabu kamili ni 19 na kidogo. Zidisha kwa nne kama utaziona kadi zote mbili zilizobaki. Tisa inakuwa 36, hesabu kamili ni 35.

Wengi huteleza hapo kwenye nne. Wanazidisha kwa nne wakiwa kwenye flopu, wanaona 36, wanalipa kwa furaha, kisha kadi ya nne inakuja tupu na wanaombwa kulipa tena. Nne ni kwa yule tu ambaye chipu zote zimeshaingia na hataombwa chochote tena. Ukiwa bado na chipu, tumia mbili. Kwa hesabu hiyo, dau la nusu poti dhidi ya mwenye kusubiri flashi ni ghali kidogo: anahitaji 25, ana 19. Anaweza kulipa ikiwa tu anaamini kwamba flashi ikitimia mpinzani atamwongezea pesa ya kutosha kwenye kadi ya mwisho. Na atajuaje? Kwa kukumbuka kama mpinzani huyo ni wa kulipa au ni wa kutupa kadi kopa ya tatu ikitokea. Hesabu na kuangalia watu ni kazi moja.

Blafu nayo ina bei. Ukiweka nusu poti bila chochote, ni lazima watupe kadi mara moja kati ya tatu ili usile hasara. Ukiweka poti nzima, nusu ya nyakati. Kabla ya kusukuma chipu, mtazame unayemtishia na ujiulize kama usiku huu umemwona akitupa jozi hata mara moja. Na ikiwezekana, blafu yako iwe na matumaini nyuma yake: ukisubiri flashi au straiti, hata akilipa bado una kadi za kukuokoa.

Hatua ya nne: kadi ya nne na ya tano

Kwenye flopu watu huweka dau kwa sababu nyingi: mazoea, kiburi, kutaka kuonja. Kwenye kadi ya nne dau huwa kubwa na sababu hupungua. Mchezaji wa kawaida anayegonga meza kwenye flopu, kisha akapandisha juu ya dau lako kwenye kadi ya nne, ana jozi mbili au zaidi mara nyingi mno. Jozi yako ya juu iliyokuwa nzuri dakika moja iliyopita sasa ni ya kutupwa. Najua inauma. Mimi huangalia wapandishaji wa kadi ya nne kwa makini kuliko jambo lingine lolote, na katika meza za dau dogo bado sijaona sababu ya kuwashuku kwa wingi.

Badala ya kukisia kadi mbili kamili za mpinzani, mbebee kapu. Mwanzoni kapu limejaa: jozi, A na kitu, kadi za aina moja zinazofuatana. Kila anachofanya, toa kadi zisizolingana nacho. Alilipa tu kabla ya flopu, toa AA na KK. Alilipa dau kubwa kwenye flopu mbichi, toa kadi tupu. Kufikia kadi ya tano kapu limebaki na aina tatu au nne, na unachouliza ni ngapi kati ya hizo unazishinda.

Mfano huu ni wangu, kutoka meza moja upande wa Westlands, blaindi (madau ya lazima ya wachezaji wawili) 100 na 200. Mzee mmoja wa koti la kijivu alilipa 200 akiwa katikati ya meza. Mimi nilikuwa kwenye kitufe na A ya shupaza na Q ya uru, nikapandisha hadi 800. Blaindi ndogo akatupa, kubwa akalipa, mzee akalipa. Poti 2,500. Flopu: Q ya kopa, 8 ya kopa, 3 ya maua. Wote wakagonga meza. Nikaweka 1,500. Blaindi kubwa akatupa, mzee akalipa bila kufikiri. Poti 5,500. Kadi ya nne: 2 ya shupaza. Akagonga, nikaweka 3,500, akalipa tena upesi. Poti 12,500. Kadi ya tano: 7 ya kopa. Na mzee, aliyekuwa akigonga meza muda wote, akahesabu polepole na kuweka 9,000.

Nilipaswa kulipa 9,000 ili poti iwe 30,500. Nilihitaji kuwa mbele mara tatu kati ya kumi. Kapu lake je? K na Q zilikuwepo kwa njia nane, Q na J kwa nane, Q na 10 kwa nane: zote nazishinda, na zote angelipa nazo mpaka hapo. Kwa karatasi ni nyingi. Lakini je, angeweka 9,000 nazo kopa ya tatu ikiwa imetua? Saa moja kabla, nikiwa nimetupa kadi, nilikuwa nimemwona akifika kadi ya mwisho mara mbili na jozi ya juu. Mara zote mbili aligonga meza na kufunua kwa utulivu. Na mara moja nilimwona akilipa upesi, upesi, kisha akaweka dau yeye mwenyewe mwishoni: alifunua flashi. Anayelipa upesi bila kuwaza kwa kawaida hana uamuzi mgumu. Hana kadi ya kumfanya afikirie kupandisha, wala mbovu ya kumfanya afikirie kutupa. Anasubiri. Zile njia 24 za Q ningeziweka kapuni kama ningekuwa sijamwangalia. Kwa kuwa nilimwangalia, nilizitoa, nikatupa kadi.

Hakuonyesha zake. Sijui alikuwa na nini, na uamuzi wangu haukungoja kujua.

Hatua ya tano: dalili za mwili, kwa kiasi

Watu hupenda sehemu hii kuliko zote, na ndiyo inayowapotosha zaidi. Mfululizo wa madau husema kweli mara nyingi kuliko uso. Tumia mwili kuvunja usawa pale hesabu inapokuacha katikati.

Mikono inayoanza kutetemeka ghafla wakati wa kuweka dau kubwa kwa kawaida ni ya mtu aliyepata kadi nzuri sana, si ya mwenye blafu. Mwenye blafu hujikaza, hupunguza hata pumzi. Anayekutazama machoni kwa ukali anataka usilipe. Anayejifanya hajali, akitazama pembeni, ni wa kuogopwa. Na kopa tatu zikilala mezani, mtu akainua tena kadi zake kuzichungulia, karibu kila mara hana kopa mbili. Aliyenazo angekumbuka. Anakagua kama ile moja ni kopa.

Zipo dalili za mji wetu pia. Mwangalie anayepiga hadithi kwa Sheng tangu alipoketi. Akikatiza sentensi katikati mara tu anapoziona kadi zake, ana kitu. Jumamosi jioni mwangalie anayefuatilia mkeka wake wa kubeti kwenye simu: timu yake ikifungwa dakika za mwisho, kwa nusu saa ijayo atalipa kila kitu kwa hasira. Usimkejeli. Mpe tu bei kamili ukiwa na kadi, na usimtupie blafu.

Na kumbuka kwamba nawe unaangaliwa. Chukua muda ule ule kwa kila uamuzi, mwepesi na mgumu. Mimi hupumua mara mbili kabla ya kugusa chipu, kila mara, hata ninapojua tayari nitatupa.

Hatua ya sita: daftari la matatu

Usiandike mezani, huwastua watu, na penginepo simu hairuhusiwi wakati wa mgao. Toka nje mara moja kwa saa, andika mistari miwili. Ukiwa njiani kurudi, au asubuhi kwenye matatu, andika migao mitatu iliyokutatiza: poti ilikuwa kiasi gani, nani alifanya nini, kapu lake ulilipunguzaje, ulihitaji asilimia ngapi. Andika hasa ile uliyoshinda kwa bahati, kwa sababu hiyo ndiyo hujificha. Ukimpata mwenzako mmoja wa kujadiliana naye, msimulie bila kumwambia matokeo, umwache aamue mwenyewe kwanza.

Usihukumu kwa usiku mmoja. Jozi yako mkononi hupata ya tatu kwenye flopu mara moja kati ya nane na nusu. Unaweza kukaa saa nyingi bila kuiona, na ukawa umecheza vizuri kila dakika.

Yule mzee wa koti la kijivu ana mistari minne katika daftari langu. Wiki mbili baadaye nilimkuta tena, safari hii akiwa kulia kwangu. Nilikuwa nimeisoma mistari yake ndani ya matatu kwenye foleni ya Waiyaki Way. Mgao wa tatu nilikuwa na jozi ya J na flopu ikaja 10, 6 na 4, ndogo zote kuliko J zangu. Nikaweka dau, akapandisha hadi mara tatu ya dau langu, yeye ambaye hupenda kugonga meza. Nikapumua mara mbili, nikazitupa J, kisha nikageuka kumwangalia alivyokuwa akizipanga chipu zake.